Mtu Aliyekwisha Kuagwa

Jumatano asubuhi, wakati kijiji kizima kikiamini kwamba Inoke yuko Australia anachomelea vyuma vya meli, Inoke alikuwa amekaa sakafuni jikoni kwake, mgongo ameuegemeza kwenye kabati, anamenya mihogo bila kutoa sauti.

Alikuwa na siku mbili tu za kujifunza kumenya namna hiyo. Ganda halikwanyuliwi, linavutwa polepole, kisha linalazwa ndani ya beseni lililotandikwa kitambaa. Kila nyayo zilipopita nje, kisu kilisimama hewani. Mkewe, Laisani, alikuwa amefunga madirisha yote isipokuwa moja la chumbani, na joto la mabati lilikuwa limewashukia wote watatu, wao na mtoto wao Titilia wa miezi minane, mpaka nywele za mtoto zimelowa jasho.

"Nani?" Inoke aliuliza kwa midomo tu.

Laisani alichungulia. "Watoto wa shule."

Kisu kikaendelea.

Walimuaga Jumamosi, na walimuaga kweli. Nguruwe wawili wakaokwa ardhini, magimbi yakajaa vikapu vinne vya makuti, kava, kile kinywaji cha mizizi, ikanywewa tangu adhuhuri. Wazee wakamkabidhi jino la nyangumi, zawadi ya heshima kuu. Bibi Unaisi, jirani yao, akatoa mkeka uliokuwa kitandani kwake mwenyewe, akaufunga kamba, akamwambia, "Mwanangu, usije ukalala kwenye saruji ya watu." Watu wakalia mpaka wakachoka, wakaanza kuimba. Jumatatu asubuhi Inoke akapanda basi na begi lake na mkeka ule. Kwanza apite kwenye karakana ya boti, kazini kwake, ambako mtahini kutoka Australia alikuwa ameazima nafasi ya kuwapima mafundi mmoja mmoja, halafu aunganishe moja kwa moja uwanja wa ndege. Mtihani ule, kila mtu alisema, ni wa kupitia tu. Miaka kumi na moja Inoke anaunga chuma! Nani atamwambia nini?

Jumatatu jioni alirudi kwa njia ya mikoko, matope magotini, begi na mkeka kichwani.

"Sijapita," alisema. Na alipokwisha kuoga, "Ijumaa atanipima tena, mara ya mwisho. Nikishindwa, nafasi anapewa mtu mwingine."

Mengine hakuyasema. Laisani aliuliza mara moja, mara mbili, akaacha. Alimjua mumewe. Akifunga mdomo, hata chakula hakiingii.

*

Dukani Laisani alikwenda saa nne, saa ambayo kwa kawaida hapakuwa na watu. Siku hiyo Bibi Unaisi alikuwa ameketi juu ya gunia la unga pale mlangoni, kana kwamba alimngoja yeye.

"Mama Titi! Njoo hapa nikubusu. Amepiga simu?"

"Amepiga, Bibi."

"Lini?"

"Jana." Laisani alitafuta pesa kwenye mkoba. "Jana usiku."

"Kule sasa hivi ni saa ngapi?"

Laisani hakujua. Alitazama ukutani, kwenye saa ya duka, kana kwamba ingemwambia. "Bado mapema, Bibi. Wamelala."

"Wamelala! Na huku jua linatuchoma." Bibi alicheka akapiga paja. "Na mkeka wangu? Ameutandika?"

Mkeka ulikuwa umesimamishwa nyuma ya mlango wa chumba, bado umefungwa kamba. "Ameutandika," Laisani alisema. "Anasema unanukia nyumbani."

Macho ya bibi kizee yakajaa machozi, na Laisani akatamani sakafu ya duka ipasuke.

Mwenye duka alikuwa anapanga vitu vya Laisani juu ya meza. "Mikate miwili, samaki wa kopo wawili. Mama, mume hayupo halafu chakula kinaongezeka?" Alisema kwa kutania tu, ni mtu wa mzaha. "Au unamtumia kwa posta?"

"Nanyonyesha," Laisani alimjibu, kwa ukali zaidi kuliko alivyotaka. Akalipa. Njiani akagundua kwamba amesahau chenji, na hakuthubutu kurudi.

*

Sereima alikuja mchana na fungu la majani ya magimbi, bila kubisha, kama alivyozoea. Sereima alikuwa binti wa Apisai, na Apisai ndiye mjomba wa Inoke, kaka wa marehemu mama yake, na ndiye msimamizi wa karakana ya boti. Kwa hiyo Sereima na Inoke walikuwa mabinamu wa utani, na tangu utotoni hawakuwahi kusemezana jambo moja la maana bila matusi.

Inoke alisikia nyayo, akawahi kuingia chumbani. Laisani alisimama katikati ya jikoni, mtoto kiunoni.

"Mke mwenzangu, mbona umejifungia kama mgonjwa wa surua?" Sereima alisema, akijipepea kwa majani. "Fungua dirisha, utamwoka mtoto. Mume wetu hajambo huko?"

"Hajambo."

"Amepata mwanamke wa Kizungu?"

"Sereima!"

"Nauliza tu. Akimpata, mwambie mimi ndiye mkubwa, wewe wa pili, yeye atafua."

Hapo ndipo Inoke alipopiga chafya.

Ilikuwa chafya ya mtu aliyeizuia kwa muda mrefu, na ilitoka na kishindo cha begi kuanguka. Titilia alifurahi, akanyoosha mikono miwili kuelekea chumbani. "Taa! Taa!" alisema, kwa maana hilo ndilo jina alilomwita baba yake.

Sereima aliweka majani mezani taratibu. Hakucheka mara moja. Alikwenda mpaka mlango wa chumba, akasimama.

"Australia ina mafua, eh?"

Mkeka nyuma ya mlango ukayumba.

"Toka, bwege. Nakuona vidole vya miguu."

Inoke akatoka. Alikuwa hajanyoa siku tatu, na shati lake lilikuwa limegandamana kifuani. Laisani alimwona kama Sereima alivyokuwa akimwona, na aibu ikampanda shingoni kama upele.

"Usimwambie mtu," Laisani alisema. "Wifi, nakuomba. Ijumaa anarudia. Ijumaa tu."

Sereima aliwatazama wote wawili. "Ndiyo maana," alisema kwa sauti nyingine kabisa. "Ndiyo maana Baba hali chakula. Tangu Jumatatu anasukuma sahani. Watu wakimuuliza habari zako anasema umesafiri salama, halafu anatoka nje. Nilidhani anakukumbuka, mjinga mimi." Akamgeukia Inoke. "Umemfanya nini baba yangu?"

"Sijamfanya kitu," Inoke alisema.

"Basi yeye amekufanya nini?"

Inoke akaokota kisu cha mihogo. Sereima akachukua kipande cha mhogo mbichi kutoka kwenye beseni akakitafuna. "Sisemi," alimwambia Laisani akiwa mlangoni. "Lakini mnyoe huyu. Ananuka kama Jumatatu."

*

Mtoto alipolala, Laisani alikaa sakafuni mbele ya mumewe, magoti yao yakagusana.

"Sasa utaniambia."

Habari ilitoka vipande vipande, kama mfupa wa samaki kooni.

"Mjomba ndiye aliyenipangia mashine ya kuchomelea. Karakana ilifungwa, tulikuwa watatu tu, mimi, yeye na huyo Bwana Hollis, mtahini. Waya wa mashine ulikuwa umechubuka. Hapa, karibu na mshiko. Shaba iko nje. Niliuona kabla sijaugusa."

"Ukafanya nini?"

"Nikaufunga kitambaa."

"Hukusema?"

Alimtazama kana kwamba amemuuliza kwa nini hakumpiga mjomba wake kofi. "Niseme mbele ya mgeni? Niseme Mjomba ameniletea waya mbovu? Laisani, mtu yule alinishika mkono nina miaka kumi na minne akanionyesha moto unavyokwenda. Mbele yake sisimami yeye akikaa. Nikipita nainama. Leo nimwaibishe?"

"Na mtahini?"

"Aliniuliza mara tatu. 'Kila kitu sawa?' Nikamwambia, sawa, bwana. 'Una hakika?' Sawa, bwana. Nikanyoosha mkono niwashe, akanidaka kifundo. Kumbe umeme ulikuwa umekatwa ukutani tangu mapema." Inoke alijishika kifundo cha mkono, mahali palepale. "Akasema mkono wangu ni mzuri kuliko wa fundi yeyote aliyempima mwaka huu. Akasema, lakini kwetu sasa hivi ungekuwa maiti, na mwenzako wa zamu ijayo naye."

Titilia aligeuka usingizini. Nje mtu alipita akipiga mluzi, na kwa mara ya kwanza katika siku mbili hakuna aliyenyamaza kwa ajili yake, kwa sababu walikuwa kimya tayari.

Mpaka saa ile Laisani aliogopa kijiji. Aliogopa Bibi Unaisi, mwenye duka, vicheko. Sasa hofu ile ikasogea pembeni kama mtu anayempisha mkubwa wake. Akilini alimwona Inoke katika karakana asiyoijua, mbali, kwenye vyuma virefu. Akaona mzee mwenye mvi, msimamizi, akimwonyesha mahali pa kusimama, na mumewe akiitikia kwa kichwa. Sawa, bwana.

"Na huko?" aliuliza. "Huko atakapokuambia mtu mzima, panda hapa, ingia pale, nawe umeona pabaya. Utasema?"

Inoke alijisugua kifundo cha mkono.

"Nijibu, baba Titi."

"Sijui."

"Basi usiende." Akamshika mikono yote miwili. "Wacha wakucheke hapa. Wakucheke mpaka wachoke, watoto wakuimbe barabarani, mimi nitauza mikate. Sitaki kupigiwa simu na mtu anayekohoa kwanza ndipo aseme jina langu."

"Nataka kwenda, Laisani." Alisema kwa unyonge sana. "Nataka mtoto asome. Nataka choo cha ndani. Nataka na mimi nipimwe kwa kazi yangu. Lakini Ijumaa Mjomba atakuwa palepale. Nikimwona tu, mdomo unakufa."

Laisani alikuwa akisoma masomo ya jioni kanisani kabla hajajifungua, na mwalimu wao alikuwa akiwaambia kwamba ukikwama, rudi kwenye kile unachokijua. Alichokijua Laisani kilikuwa kidogo, lakini alikigeuza huku na huku.

"Mtu akiwa na ombi zito kwa mjomba wake, anafanyaje?"

"Anapeleka kava."

"Basi mpelekee."

"Niombe nini?"

"Uombe ruhusa ya kumkatalia."

Inoke alicheka, kicheko kifupi cha mtu aliyeshtuka. "Hakuna mtu aliyewahi kuomba hicho."

"Kuna mtu aliyewahi kuambiwa hakiombwi?"

Kidevu kikainuka. Halafu hofu nyingine ikamjia usoni. "Nyumba yake iko mwisho kabisa wa kijiji. Nitapita mbele ya watu wote. Tungoje giza liingie."

"Kava ya ombi inapelekwa gizani?"

"Hapana," alikubali. "Hapana. Haipelekwi kama kitu cha wizi."

*

Alhamisi saa tisa mchana Laisani alifungua mlango wa mbele.

Inoke alikuwa amenyoa. Alivaa shati la maua la kanisani na sulu safi, ile shuka ya heshima ya wanaume, kiunoni, na mikononi, mbele ya kifua, alibeba fungu la mizizi ya kava lililofungwa kwa gazeti na utepe. Fungu hilo Laisani alilinunua asubuhi kwa dola hamsini zilizokuwa za chakula, na mwenye duka safari hii hakutania. Aliufunga utepe vizuri akamtazama.

Hatua ishirini za kwanza hapakuwa na mtu. Kisha mwanamke aliyekuwa akianika nguo akasimama na shuka mikononi. Kisha mtu akaita jina la mtu mwingine. Milango ikaanza kufunguka.

"Jamani! Si Inoke huyu?"

"Ndege imegeuzia wapi?"

"Australia imekuwa karibu siku hizi, mtu anakwenda kula mchana anarudi!"

"Turudishieni nguruwe wetu!"

Kicheko kilipita toka kibaraza hadi kibaraza. Laisani, aliyemfuata nyuma, alimbana mtoto mpaka mtoto akalalamika. Alitaka kumshika mume wake shati kwa nyuma, kama mtu anayevuka mto, lakini mikono haikumtosha. Alitazama visigino vya Inoke tu. Vilikuwa vinakwenda.

Bibi Unaisi alikuwa kibarazani kwake. Yeye hakucheka. "Mama Titi," alisema, si kwa sauti kubwa. "Kumbe mkeka wangu uko hapahapa?"

"Upo, Bibi. Nisamehe."

"Ulinidanganya nikiwa nimekaa juu ya gunia, mbele ya mwenye duka." Akaingia ndani.

Hilo ndilo lililomliza Laisani. Vicheko alikuwa amevitarajia.

*

Mzee Apisai aliwapokea bila salamu. Alikaa juu ya mkeka, miguu ameikunja, na Sereima alikuwa nyuma ya pazia la jikoni, akijifanya anaosha vyombo. Inoke aliinama mlangoni, akaenda kwa magoti, akaketi chini kabisa. Akalaza kava mbele ya mjomba wake. Laisani alibaki karibu na mlango.

"Mjomba," Inoke alisema, akiongea na mkeka. "Nimekuja na kidogo hiki. Kesho nitasimama mbele yako kazini. Naomba... naomba kesho, ukiniambia jambo nami nikaona si salama, uniruhusu niseme hapana. Naomba mdomo wangu, kwa kesho tu. Na kwa huko niendako, kama nitakwenda."

Mzee hakuligusa fungu.

Kila mtu pale chumbani alijua maana yake. Likiguswa, ombi limepokelewa. Lisipoguswa, mtu huchukua chake akaenda, na baina yao pamekwisha. Maji jikoni yaliacha kulia. Laisani alisikia pumzi ya mtoto wake sikioni.

Apisai alinyoosha mkono. Ulikuwa mkono wenye makovu ya cheche toka kidole hadi kiwiko. Akaugusa utepe. Halafu akapiga makofi matatu mazito ya kupokea, ya viganja vilivyokunjwa.

"Yule mgeni ndiye aliyeniambia niweke waya ule," alisema. "Aliniambia weka, halafu nyamaza, tuone atasema nini. Nikaweka. Nikanyamaza. Umeme sikujua kama umekatwa, hakuniambia." Alikuwa akiongea polepole, na sauti ilikuwa ikichakaa kila neno. "Nilikuona unafunga kitambaa. Nilikuona unanyoosha mkono. Mtoto wa dada yangu. Na mimi nilikuwa na mdomo."

Nyuma ya pazia Sereima alipenga kamasi kwa nguvu.

"Kesho," Apisai alisema, "sitakuonea huruma. Atakachoniambia nikuambie, nitakuambia kama ninavyowaambia watu wangu wote. Usitazame uso wangu. Tazama kazi."

*

Ijumaa karakana ilifungwa tena. Laisani na Sereima walisimama nje, kwenye uzio wa waya, Titilia akitafuna kamba ya kofia. Uwanjani palikuwa na tangi la mafuta lililotolewa kwenye boti ya kuvuta meli, limelazwa juu ya magogo, na juu yake tundu la duara, upana wa mabega ya mtu mmoja.

Laisani alijua habari za matangi. Kila mke wa fundi anazijua. Hewa iliyomo ndani haionekani wala hainuki, na mtu huingia akiwa anazungumza, sentensi asiimalize.

Bwana Hollis, mtu mfupi mwenye kofia pana, alimnong'oneza Apisai. Apisai aliitikia kwa kichwa. Kisha akamgeukia mpwa wake.

"Kuna ufa ndani, upande wa chini. Ingia uuzibe."

Inoke alipanda ngazi. Alitazama ndani ya tundu. Alitazama kushoto na kulia, kama mtu aliyepoteza kitu. Hapakuwa na mtu wa kusimama tunduni amlinde, wala kile kifaa kidogo cha manjano cha kupimia hewa.

"Haya," Sereima alinong'ona. "Sema, bwege. Sema."

Inoke akashika ukingo. Mguu wa kulia ukaingia.

Laisani hakuweza kupiga kelele. Alijua kwamba akipiga, mtihani umeharibika, na alijua kwamba asipopiga... Vidole vyake viliingia kwenye matundu ya waya wa uzio. Aliona kofia ya Inoke, shingo yake, mguu ule mmoja ambao haukuonekana tena. Muda ukasimama pale, si mrefu, labda kama wa kufunga kifungo cha shati. Aliogopa kuliko alivyoogopa siku ya kujifungua.

"Unangoja nini?" Apisai alifoka. "Nimesema ingia!"

Mguu ukatoka.

"Mjomba." Sauti ilikuwa nyembamba, ya kijana wa miaka kumi na minne. Akameza mate, akasema tena, na safari hii ilifika mpaka kwenye uzio. "Nimekusikia, Mjomba. Siingii. Hewa haijapimwa, na hapa tunduni hakuna mtu. Siingii, na mwingine yeyote asiingie."

Ingawa ruhusa alikuwa ameitoa mwenyewe, juu ya mkeka wake mwenyewe, uso wa mzee ulilipokea neno lile kama kofi. Midomo ilifunguka. Rangi ikamtoka usoni, na kwa nukta moja Laisani alidhani atamtukana. Kisha Apisai akageuka, akatembea hadi kwenye bomba la maji, akalifungua, akasimama akiyatazama maji yanamwagika chini bila kuosha chochote. Inoke alibaki juu ya ngazi, akiutazama mgongo ule. Alikuwa amepata alichokitaka, na alionekana kama mtu aliyefiwa.

Bwana Hollis aliandika. Aliandika kwa muda mrefu, akageuza karatasi, akatia sahihi, akaichana kutoka kwenye kitabu.

"Jumapili," alisema, akimkabidhi Inoke. "Kuna ndege Jumapili usiku. Utaiwahi?"

Inoke aliishika karatasi kwa mikono miwili. Hakuisoma. Alimtafuta Laisani kwa macho ng'ambo ya uzio, akampata, akaitikia kwa kichwa mara moja. Ndiyo.

"Amepita!" Sereima alimpiga Laisani begani. "Mke mwenzangu, amepita! Sasa mbona hivyo? Unalia au unacheka?"

Laisani alifungua vidole vyake kwenye waya, kimoja kimoja. Jumapili ilikuwa kesho kutwa.

"Nishikie mtoto," alisema.

Akakaa chini palepale kwenye kokoto, na sketi yake nzuri, huku ndani ya uzio mume wake akishuka ngazi, akiielekea sauti ya maji, ameinama.